Jinsi Mahindi Yalivyotwaa Mashamba

Mahindi hayawezi kujipanda. Hindi likianguka chini likaachwa hapo na ganda lake, punje zake mamia huchipua kwa pamoja mahali pamoja, miche ikasongamana na kunyang'anyana maji, na mwisho wake hakuna hata mmoja unaobeba. Lazima mkono wa mtu ulimenye hindi, ulipukuchue, uzifukie punje kwa nafasi. Kwa zao tegemezi kiasi hicho, ungedhani lingebaki kijijini kwao. Badala yake leo dunia huvuna zaidi ya tani bilioni moja za mahindi kwa mwaka, na kuanzia tambarare za Iowa hadi miteremko ya Mbeya, mahindi yameamua shamba liwe na umbo gani, lilimwe na nani, na mavuno yaende wapi.

Kwao ni bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Meksiko. Huko huota nyasi iitwayo teosinte, yenye mashina mengi na vishuke vya punje tano hadi kumi na mbili tu, kila punje imefungwa ndani ya gamba lisilotafunika. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walikataa kwamba nyasi hiyo inaweza kuwa mzazi wa mahindi. George Beadle, mwanasayansi wa urithi wa viumbe, alishikilia tangu miaka ya 1930 kwamba ndiyo. Alipostaafu akairudia hoja yake ya ujanani: akasimamia upandaji wa maelfu kwa maelfu ya machotara ya teosinte na mahindi, akahesabu ni mimea mingapi iliyorudia sura ya mzazi mmoja au mwingine, na hesabu ikamwonyesha kwamba tofauti kubwa kati ya mimea hiyo miwili zinatawaliwa na jeni chache mno, pengine tano. Wachunguzi wa vinasaba waliofuata walimpa haki, wakakadiria kwamba njia za mimea hiyo zilitengana yapata miaka 9,000 iliyopita. Kwenye pango la Xihuatoxtla, jimbo la Guerrero, mawe ya kusagia yamekutwa na chembe za wanga wa mahindi zenye umri wa miaka kama 8,700.

Jina la mtu aliyeanza halipo, wala haliwezi kuwepo. Kazi ilikuwa ya kila mwaka: kuchagua mbegu, kuweka kando suke lililojaza, kula lililosinyaa. Miaka zaidi ya 2,000 baada ya chembe zile za Xihuatoxtla, magunzi yaliyotupwa katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, bado hayakuzidi urefu wa kidole. Anayedhani kilimo kiligunduliwa siku moja na mtu mwerevu aliyeona mbegu ikichipua jalalani, ayatazame magunzi hayo.

Wakulima wa Meksiko hawakulima mahindi peke yake. Shamba lao, milpa, lilikuwa na mahindi, maharage na maboga katika ardhi moja. Maharage yalipanda juu ya mabua na kuurudishia udongo naitrojeni ambayo mahindi huila kwa pupa. Majani ya maboga yalitanda chini, yakazuia magugu na kuhifadhi unyevu. Baada ya misimu michache shamba lililazwa, kichaka kikarudi, na familia ikafyeka mahali pengine kwa zamu. Na jikoni palikuwa na elimu yake: punje zilichemshwa kwa chokaa au majivu kabla ya kusagwa. Chokaa hiyo haikulegeza ganda la punje tu. Ilifungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya nafaka, ambayo tumbo la binadamu haliipati vizuri bila tendo hilo. Kwa hiyo zao, wenzake shambani na namna ya kulipika vilikwenda pamoja. Hernán Cortés alipoingia Tenochtitlan mwaka 1519, alikuta mji mkubwa unaolishwa kwa sehemu na bustani za chinampa, vitalu vya matope vilivyoinuliwa ziwani na kulimwa karibu mwaka mzima.

Wahispania walichukua punje, wakaacha mengine yote.

Watu wa Columbus waliyaona mahindi Cuba mwaka 1492, na kabla karne ya 16 haijaisha yalikuwa yakilimwa Hispania, Italia na katika milki ya Waturuki. Kaskazini mwa Italia, hasa Veneto, yalibadili uhusiano wa mwenye ardhi na mlimaji. Ekari ya mahindi ilitoa chakula kingi kuliko ekari ya ngano, hivyo mwenye shamba angeweza kuichukua ngano yote kwenda sokoni, na mkulima na wanawe wakashibishwa kwa polenta, ambayo ni ugali mtupu. Shibe ilikuwapo. Lakini Gaspar Casal, tabibu wa Asturias, Hispania, alikwisha eleza mwaka 1735 ugonjwa wa ajabu wa watu maskini waliokula mahindi karibu siku zote: ngozi inachubuka panapopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Waitalia wakauita pellagra. Karne mbili zilipita watu wakilaumu mahindi yaliyooza, hewa, damu na ukoo. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali ya Marekani mwaka 1914 kuuchunguza kusini mwa nchi hiyo, alithibitisha kwamba tatizo ni mlo. Yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa ili kuonyesha kwamba hauambukizi. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa dawa yake mwaka 1937. Wakulima wa Meksiko walikuwa na jibu kwenye chungu muda wote huo, ila hakuna aliyewauliza.

Uchina mahindi yalipanda milimani. Mabonde ya mpunga yalikuwa yamejaa, na watu wasio na ardhi walikuta zao linalokubali mteremko ambao mpunga hauwezi kuukalia. Misitu ikafyekwa, vibanda vikajengwa, watu wakaongezeka sana katika karne ya 18. Kisha mvua ikashusha udongo hadi kwenye mashamba ya mpunga chini, na mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa walikuwa tayari wanatoa amri za kuzuia kilimo hicho. Amri hazikufua dafu.

Pwani ya Afrika Magharibi, tukirudi nyuma hadi karne ya 16, mahindi yaliingia kwa meli za Wareno, na jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Nafaka iliyokauka vizuri, inayokomaa mapema na kukaa muda mrefu bila kuoza, ilifaa sana kulisha mateka waliofungwa ngomeni wakisubiri meli, na kuwalisha tena katikati ya bahari. Chakula kilichotoka Amerika kilisaidia kuwapeleka Waafrika Amerika. Wakati huohuo wakulima wa Kiafrika waliona faida yao wenyewe, wakaichukua mbegu na kuiingiza msituni bila kungoja Mzungu awafundishe.

Kwetu Afrika Mashariki yaliingia kimyakimya. Wareno waliokalia Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walikuwa sehemu ya mtandao huo wa bahari, na biashara ya pwani ikafanya kazi iliyobaki. Richard Burton alipofuata njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857, mahindi yalikuwa miongoni mwa nafaka alizozikuta njiani. Lakini bara hayakuwa mfalme. Nafaka za kutegemewa zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Penye mvua nyingi palikuwa na migomba. Mahindi yalipandwa karibu na nyumba, yakaliwa mabichi, ya kuchoma au kuchemsha, ili kuvuka miezi ya njaa kabla mtama haujaiva. Yalikuwa kitafunio chenye faida, na hadhi hiyo yaliishika muda mrefu.

Ni nini basi kiliyatoa uani na kuyafikisha kwenye shamba kubwa? Watu wengi hujibu kwamba yanazaa zaidi na ni matamu zaidi. Jibu hilo halinitoshi. Mtu wa Ugogo au Ukamba hakuhitaji kuambiwa kwamba mtama unavumilia ukame kuliko mahindi. Mwaka wa mvua haba alikuwa akiona kwa macho. Mtama haukushindwa kwa ladha wala kwa uvumilivu. Ulishindwa kwa ndege.

Suke la mtama liko wazi. Wiki zake za mwisho shambani, makundi ya kwelea kwelea hushuka na kulimaliza shamba kwa siku chache. Kinga ilikuwa watu: dungu linajengwa katikati ya shamba, na kuanzia alfajiri hadi jioni watoto huamia ndege kwa teo, kelele na kamba zilizofungwa vibuyu. Kazi hiyo inahitaji watoto, na inawahitaji kutwa. Mahindi huja na ganda lake, ndege wengi hawayawezi. Zaidi ya hapo, mtama na ulezi ni lazima upurwe na kupepetwa, kazi ya wanawake na ya jasho; hindi humenywa mkononi na kupukuchuliwa jioni watu wakizungumza. Sasa fikiria yaliyotokea vijijini tangu mwanzo wa karne ya 20. Kodi ya kichwa na ya nyumba ikawasukuma wanaume kwenye mashamba ya mkonge na machimbo. Misheni na serikali zikawavuta watoto darasani. Aliyebaki shambani ni mama, peke yake, na jembe la mkono. Akachagua zao lisilohitaji mlinzi. Uamuzi huo ulifanywa nyumba kwa nyumba, haukuandikwa na mtu, na naamini ulibadilisha ramani ya kilimo chetu kuliko sheria nyingi za gavana.

Upande wa pili alisimama mwajiri. Baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, machimbo ya Afrika Kusini yalihitaji chakula cha bei nafuu cha kulisha maelfu ya wafanyakazi, na unga wa mahindi ukawa jibu. Desturi hiyo ya posho ikapanda kaskazini hadi machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, na mashamba ya walowezi Kenya. Vita vya Kwanza vya Dunia viliikaza. Waingereza waliwakusanya mamia ya maelfu ya wapagazi kuwafuata askari wao katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na posho yao kubwa ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka kambini. Waliotoka nchi za migomba, matumbo yao hayakuuzoea. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara na maradhi mengine kuliko kwa risasi.

Weupe wa sembe yetu nao una historia yake. Walowezi wa Kenya walileta kutoka Afrika Kusini mbegu nyeupe zilizotokea Marekani, kama Hickory King. Viwanda vya wanga vya Uingereza vilipendelea mahindi meupe, na madaraja ya kuuza nje yakapangwa kufuata soko hilo. Punje za rangi mchanganyiko, nyekundu, njano na za madoadoa, ambazo wakulima wa Kiafrika walikuwa nazo, zikawa "chafu". Leo, wakati sehemu kubwa ya dunia inalima mahindi ya njano kwa ajili ya mifugo, sisi tunaudai weupe kana kwamba tulizaliwa nao, na wazee wa mijini wanaokumbuka unga wa njano wa msaada, uliobatizwa yanga, hawausemi vizuri.

Ardhi ilipangwa vivyo hivyo, kwa kufuata mwenye sauti sokoni. Uasin Gishu na Trans Nzoia, zenye udongo na mvua ya kufaa, zilitengwa kuwa za Wazungu. Waafrika waliwekewa hifadhi zao, na wengi walirudi huko kwa walowezi kama maskwota, wakipewa kipande cha kulima kwa malipo ya siku za kazi. Mwaka 1942 serikali ya Kenya iliweka udhibiti wa mahindi, na mlowezi akawa analipwa bei ya juu kuliko Mwafrika kwa nafaka ileile. Hifadhi zilipojaa, shamba halikulazwa tena. Mahindi yakafuata mahindi kwenye udongo uleule mwaka baada ya mwaka, na mvua ikaanza kuubeba.

Wakoloni walimlaumu mkulima. Wataalamu wao walitaka mazao yapandwe kwa mistari, zao moja kila shamba, na waliona uvivu katika shamba la mama aliyechanganya mahindi, maharage, kunde na maboga. Kumbe mama huyo, bila kuisikia Meksiko, alikuwa amelirudishia zao wenzake wa tangu asili. Kisha zikaja amri za kuchimba matuta. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, watu walilazimishwa kuchonga mteremko uwe ngazi, udongo mwekundu usio na rutuba ukaja juu na ule mzuri ukafukiwa. Julai 1955 Waluguru waligoma waziwazi, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukaachwa. Huwezi kueleza kwa nini siasa za uhuru zilipata masikio vijijini bila kuyataja matuta.

Turudi Marekani kidogo, kwa sababu yaliyofuata yalitoka huko. Sheria ya ardhi ya mwaka 1785 iliagiza nchi za magharibi zipimwe kwa miraba ya maili moja kila upande. Wenyeji wakaondolewa, na kuanzia mwaka 1862 sheria ya Homestead ikatoa ekari 160 kwa kila familia itakayohamia na kulima. Madimbwi ya Iowa na Illinois yakakaushwa kwa mabomba ya udongo yaliyofukiwa chini. Ukiruka juu ya Iowa leo, miraba hiyo bado inaonekana, na ndani yake ni mahindi na soya. Mwaka 1926 Henry A. Wallace, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais, alianzisha kampuni ya kuuza mbegu chotara. Chotara huzaa sana msimu wa kwanza, lakini ukipanda punje ulizovuna, nguvu hupungua; kila mwaka urudi dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 karibu hakuna mkulima wa Iowa aliyeitumia. Muongo mmoja baadaye karibu wote walikuwa nayo. Kazi ya kuchagua mbegu, iliyofanywa na wakulima kwa miaka 9,000, ikahamia kwenye maabara.

Kitale, nchini Kenya, iliipokea kazi hiyo mwaka 1955, mtafiti Michael Harrison alipoanza kuboresha mahindi ya nyanda za juu. Aliichanganya mbegu ya Kitale na mbegu ya milima ya Ecuador iliyojulikana kama Ecuador 573, na mwaka 1964 ikatoka H611, chotara lililoizidi mbegu ya awali kwa takriban asilimia 40. Wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya waliikumbatia kwa kasi iliyoshindana na ile ya Iowa. Wale waliozoea kusema mkulima wa Kiafrika anaogopa mabadiliko kuliko kitu chochote walinyamaza, angalau kwa muda.

Tanzania ilifika kwa njia ya siasa. Ukame wa 1973 hadi 1975, uliogongana na Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ulilazimisha nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikatangazwa. Lililobadilisha matumizi ya ardhi zaidi ni uamuzi ambao haukuwa na kaulimbiu: bei moja ya mahindi nchi nzima. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua gunia la Sumbawanga kwa bei ileile ya gunia la karibu na Dar es Salaam, gharama ya lori ikawa ya serikali, na mbolea nayo ikauzwa kwa bei moja. Rukwa na Ruvuma, zilizokuwa pembezoni, zikageuka ghala la taifa. Miombo ikafyekwa, ulezi ukarudi nyuma. Kiuchumi mpango huo ulililemea shirika na haukudumu, lakini mashamba yaliyofunguliwa hayakufungwa tena.

Maadui wa zamani nao wakafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora waliona mdudu mpya anayesaga mahindi ghalani yakawa vumbi. Ni dumuzi, mwenyeji wa Amerika ya Kati, na inaaminika aliingia na mahindi ya msaada. Wakulima, kwa nguvu zake, wakamwita Scania. Desturi ya kuning'iniza mahindi na maganda yake darini ikawa hatari. Ikabidi kupukuchua mapema na kutia dawa. Viwavijeshi vamizi, nao wa Amerika, walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na mwaka uliofuata walikuwa kwetu. Sumukuvu, inayotokana na kuvu kwenye nafaka isiyokauka vizuri, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara.

Kongwa, Bahi au Kitui, mahali ambapo mvua haina ahadi, mkulima bado anapanda mahindi, na kila ukame unapokuja wako watu wa ofisini wanaomwambia arudi kwenye mtama. Hapandi kwa ujinga. Mtoto wa kuamia ndege yuko shuleni, na ni vyema awepo huko. Mashine ya kijijini husaga mahindi siku nzima. Ghala la taifa hununua mahindi kwanza, na shule, jeshi na magereza hupika ugali wa mahindi. Anayetaka mtama urudi kwenye ardhi yake ya haki aanzie kwenye manunuzi hayo, aulipie kwa bei inayomtosha mkulima kuajiri mlinzi wa ndege, kisha ndipo aende Kongwa na hotuba yake.